Utando mwembamba ndani ya mshipa wa moyo

Jioni ya tarehe 24 mwezi Machi mwaka 1844, mchongaji mashuhuri wa sanamu wa Denmark, Bertel Thorvaldsen, aliingia katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Kifalme mjini Copenhagen, akaketi mahali pake, na muda mfupi baadaye akafariki dunia akiwa papo hapo kitini. Alikuwa na umri wa miaka 73. Siku hiyo hiyo alikuwa amekula pamoja na rafiki zake. Taifa zima liliingia msibani, kwani Thorvaldsen alikuwa fahari ya Wadenmark, na maziko yake yalikuwa kama ya mfalme.

Madaktari walioupasua mwili wake waliacha maelezo mafupi. Waliandika kwamba katika ukuta wa ateri ya kushoto ya moyo palikuwa na mabonge kadhaa ya mafuta, na kwamba moja kati ya hayo lilikuwa limetoboka waziwazi kama kidonda, likamwaga yaliyokuwa ndani yake katika njia ya damu. Hawakuongeza neno. Msikilizaji, maelezo hayo ya mistari michache huhesabiwa leo na wataalamu wengi wa moyo kuwa ya kwanza kuandikwa kuhusu jambo linaloua watu wengi duniani kwa ghafla kuliko karibu jambo lingine lolote. Na bado ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla ya waganga kukubaliana kwamba walichokiona madaktari wale wa Copenhagen hakikuwa ajali ya mtu mmoja.

Katika kila msiba wa namna hiyo, uwe wa Muscat, wa London au wa Minneapolis, husikika sentensi ile ile: jana tu tulikuwa naye. Sentensi hiyo ina swali ndani yake, tena ni swali la kisayansi. Mtu hubeba mafuta katika mishipa yake kwa miaka 20 au 30 bila ya kuhisi chochote. Basi kwa nini afe Jumanne hii, saa mbili na robo asubuhi? Wingi wa mafuta peke yake hauwezi kujibu, kwani mafuta yalikuwapo Jumatatu pia. Jibu limo katika kitu kilichoyafunika mafuta hayo.

Uji na utando wake

Jina la kitaalamu la ugonjwa huu, atherosklerosisi, lilitungwa mwaka 1904 na Felix Marchand, mtaalamu wa patholojia wa Leipzig nchini Ujerumani. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki: la kwanza maana yake uji, na la pili maana yake ugumu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili jina hilo halihitaji ufafanuzi mrefu. Kila aliyepata kupika uji anajua kwamba ukiachwa upoe hushika utando juu, na ukiugusa utando huo kwa ncha ya kijiko unatoboka, na uji wa chini unachomoza. Ndivyo lilivyo bonge la ateri, ambalo wataalamu huliita plaki. Chini kuna uji wa lehemu, yaani kolesteroli, uliochanganyika na mabaki ya seli zilizokufa. Juu, upande inakopita damu, kuna utando.

Tofauti ni kwamba utando wa plaki haujishikii wenyewe kwa kupoa. Unafumwa. Wafumaji wake ni seli za misuli laini, ambazo kwa kawaida hukaa katika tabaka la kati la ukuta wa ateri na kazi yao ni kuukaza na kuulegeza mshipa. Ukuta unapojeruhiwa na lehemu inapojikusanya, seli hizi huhamia tabaka la ndani na kubadili kazi: huanza kutoa nyuzi za kolajeni, nyuzi za elastini zinazovutika, na vitu vingine ambavyo kwa jumla huitwa tishu unganishi. Ni tishu hiyo hiyo inayoufunga msuli kwenye mfupa, inayoipa ngozi uimara wake, na inayoziba jeraha likaacha kovu. Utando wa plaki, kwa hakika, ni kovu.

Na kovu hilo lina kazi moja kubwa, nayo ni kuitenga damu na uji. Ndani ya uji mna vitu vinavyochochea damu kuganda kwa kasi. Utando ukipasuka, damu huvikuta vitu hivyo na kufanya kile inachofanya kila mara inapokuta jeraha: huganda. Katika kidole kilichokatwa na kisu, kuganda huko ni rehema. Katika mshipa wa moyo wenye upana wa milimita tatu au nne, donge la damu huweza kuziba njia yote kwa dakika chache, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikitegemea mshipa huo huanza kufa.

Sungura waliowavuta wataalamu upande mmoja

Wasomi wa karne ya 19 walishughulikia zaidi chanzo cha mabonge kuliko mwisho wake. Mjini Vienna, Carl von Rokitansky alishikilia kwamba yanatokana na mashapo ya damu yanayojibandika ukutani. Rudolf Virchow, katika maandishi yake ya mwaka 1856, alisema kwamba ugonjwa unaanzia ndani ya ukuta wenyewe, na kwamba ni aina ya uvimbe unaotokana na mapambano ya mwili. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki, jambo ambalo wafuasi wao hawakuwa tayari kulikubali.

Kisha mwaka 1913, mjini St Petersburg, Nikolai Anitschkow na Semyon Chalatow waliwalisha sungura kolesteroli safi, na mishipa ya sungura hao ikajaa mafuta kama ya binadamu. Yalikuwa majaribio makubwa, na heshima yake haijapungua hadi leo. Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu yalikuwa pia na hasara yake. Kwa miongo mingi yaliyafanya macho ya wataalamu yatazame uji tu. Sungura wa maabara hupata mafuta mishipani, lakini ni nadra sana utando wa plaki zao upasuke wenyewe na kuwaua kama unavyowaua watu. Kwa hiyo aliyejifunza ugonjwa kwa sungura alijifunza nusu yake.

Nusu ya pili ilibaki mikononi mwa wale waliokuwa wakichunguza maiti za binadamu. Nao waligombana. Mwaka 1912 James Herrick wa Chicago alikuwa ameeleza jinsi donge la damu linavyoweza kuiziba ateri ya moyo, tena bila ya lazima mgonjwa kufa pale pale. Lakini kufikia miaka ya 1960 na 1970 wapo wataalamu wenye majina makubwa waliokuwa wakisema kwamba mambo ni kinyume: moyo hufa kwanza kwa sababu nyingine, na donge huja baadaye. Ushahidi wao ulikuwa kwamba katika maiti nyingi hawakuliona donge lolote. Wengine walilikuta karibu kila mara. Ilikuwa kama mashahidi wawili wa ajali moja wasiokubaliana hata gari lilikuwa la rangi gani.

Aliyechukua njia ya subira alikuwa Paris Constantinides, aliyefanya kazi nchini Kanada. Badala ya kuikata ateri hapa na pale, aliikata vipande vyembamba mfululizo, kimoja baada ya kingine, na kuvitazama vyote kwa darubini. Mwaka 1966 alionyesha kwamba mabonge ya damu aliyoyafuatilia yalikuwa yameanzia kwenye nyufa za utando wa plaki. Ufa wenyewe huwa mdogo mno kiasi kwamba anayekata ateri kwa kuruka huupita pasipo kuuona. Kazi hiyo haikushangiliwa sana wakati huo.

Ugomvi uliisha katika miaka minne ya mwanzo wa mwongo wa 1980. Mwaka 1980, daktari Marcus DeWood na wenzake wa mji wa Spokane katika jimbo la Washington nchini Marekani walichapisha picha za mishipa ya wagonjwa walio hai, zilizopigwa wakati shambulio la moyo likiendelea. Miongoni mwa wagonjwa 126 waliopigwa picha katika saa nne za kwanza, 110 walikuwa na ateri iliyozibwa kabisa. Kwa waliopigwa picha saa nyingi baadaye idadi ilikuwa ndogo zaidi, maana mwili wenyewe huanza kuliyeyusha donge. Hapo ikaeleweka kwa nini wapasuaji wa maiti hawakupatana: baadhi yao walifika baada ya ushahidi kuondoka.

Mwaka 1983 Erling Falk, Mdenmark kama Thorvaldsen, alieleza kwa undani nyufa zilizokuwa chini ya mabonge ya damu. Na mwaka 1984 Michael Davies na Anthony Thomas wa London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 100 waliokufa ghafla kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Katika 74 walikuta donge ndani ya njia ya damu, na kati ya 26 waliosalia wengi walikuwa na ufa ndani ya plaki. Madaktari wa Copenhagen walikuwa wameona sawasawa, miaka 140 kabla.

Mkia wa kiluwiluwi

Lakini kusema kwamba utando umepasuka si kusema kwa nini umepasuka. Ili kulijibu hilo ilibidi historia ya moyo ikutane na historia nyingine kabisa, ile ya kolajeni.

Kolajeni ni protini iliyo nyingi kuliko zote katika mwili wa binadamu. Umbo lake lilifumbuliwa mjini Madras, India, mwaka 1954, na G. N. Ramachandran pamoja na Gopinath Kartha: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba. Hesabu zao zilirekebishwa na wengine baadaye, ila wazo la kamba ya nyuzi tatu lilibaki. Msokoto huo ndio unaoifanya kolajeni iwe imara sana, na mwili hauwezi kuusokota vizuri bila ya vitamini C. Ndiyo sababu ya kiseyeye, maradhi ya mabaharia wa zamani, ambayo ni maradhi ya kolajeni inayoharibika bila ya kufanywa upya: fizi huvimba, makovu ya zamani hufunguka, mishipa midogo huvuja. Pwani yetu ina kumbukumbu ya jambo hilo. Meli za Vasco da Gama zilipofika Malindi mwezi Januari mwaka 1499, baada ya karibu miezi mitatu baharini kutoka India, watu wake walikuwa wakifa kwa kiseyeye, na walichokitamani zaidi ni machungwa.

Kiseyeye kinaonyesha kwamba tishu unganishi, hata kama inaonekana kama kitu kilichotulia, hujengwa na kubomolewa kila siku. Ujenzi ulikuwa umeeleweka kidogo. Ubomoaji ulikuwa fumbo, kwa sababu kamba ile ya nyuzi tatu haikatwi na vimeng'enya vya kawaida vya mwili. Hadi mwaka 1962 hakuna aliyekuwa amekionyesha kimeng'enya cha mnyama chenye uwezo wa kuikata ikiwa nzima, katika hali ya kawaida ya mwili.

Mjini Boston, Jerome Gross na Charles Lapière walijiuliza swali ambalo mtoto yeyote wa kijijini aliyecheza na viluwiluwi dimbwini angeweza kuliuliza: mkia wa kiluwiluwi huenda wapi anapogeuka kuwa chura? Haukatiki wala hauanguki. Huyeyuka mwilini, pamoja na kolajeni yake yote, kwa muda wa siku chache. Basi lazima pawepo kitu kinachoikata. Walichukua vipande vya mkia wa kiluwiluwi aliyekuwa akibadilika, wakaviweka juu ya kolajeni iliyogandishwa kama jeli katika chombo cha maabara, na jeli ikaanza kuyeyuka kuvizunguka vipande vile. Kimeng'enya kilikuwa kimepatikana, nacho kikaitwa kolajenasi. Baadaye ikajulikana kwamba huikata kamba ya kolajeni mahali pamoja tu, kiasi cha robo tatu ya urefu wake. Mkato huo mmoja unatosha; kamba hufumuka, na vimeng'enya vingine humaliza kazi.

Wakati Gross na Lapière wakitazama mikia, hakuna aliyekuwa akifikiria moyo. Ni miaka karibu 30 baadaye ndipo mambo hayo mawili yalipokutana. Kwanza Russell Ross wa Seattle alionyesha, mwaka 1971, kwamba seli za misuli laini zikiwekwa chomboni hutoa zenyewe nyuzi za elastini: mfumaji alikuwa ametambuliwa. Kisha mwaka 1991 kundi lililomjumuisha Peter Libby wa Boston likaonyesha kwamba seli fulani za kinga, zinazopatikana kwa wingi ndani ya plaki, hutoa ujumbe wa kikemikali uitwao intaferoni gama, na ujumbe huo huwaamuru wafumaji waache kufuma. Mwaka 1994 Zorina Galis, Libby na wenzao wakaonyesha upande wa pili. Katika plaki za binadamu, hasa pembezoni mwa utando ambako hupasuka mara nyingi, walikuta vimeng'enya vya ukoo ule ule wa kolajenasi, vikiwa vimetolewa kwa wingi na makrofaji, zile seli kubwa za kinga zinazokula mafuta na takataka.

Kwa hiyo utando una mfumaji na mfumuaji. Mmoja huongeza uzi, mwingine huukata. Panapokuwa na uvimbe mkali wa kinga ndani ya plaki, mfumaji huamriwa anyamaze, na wengi wao hufa. Mfumuaji naye hupewa mkasi mkali zaidi. Unene wa utando wakati wowote ni hesabu ya wawili hao. Virchow, aliyezungumza juu ya uvimbe mwaka 1856, angefurahi.

Unene wa unywele

Hesabu hiyo ilikuja kupimwa. Mwaka 1997 kundi la watafiti akiwamo Renu Virmani, mtaalamu wa patholojia katika taasisi ya majeshi ya Marekani mjini Washington, lilipima unene wa tando zilizopasuka katika wanaume waliokufa ghafla. Kwa wastani zilikuwa na mikromita 23, na karibu zote hazikuzidi 65. Mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita. Hiyo 65 inakaribia unene wa unywele. Hiyo 23 ni kama chembe tatu nyekundu za damu zikipangwa kando kwa kando. Tangu hapo utando usiozidi mikromita 65 huhesabiwa kuwa mwembamba wa kutia hofu.

Hesabu za wahandisi nazo zilikuwa zimeshasema kitu. Mwaka 1989 Peter Richardson, Davies na Gustav Born walitumia kompyuta kukadiria mkazo unaoupata utando kila moyo unapopiga. Walikuta kwamba uji laini hauwezi kubeba mzigo, hivyo mzigo wote hubebwa na utando, na hukusanyika zaidi kwenye kingo, pale utando unapoungana na ukuta mzima, kama turubai linavyochanika karibu na kamba zake. Mwaka huo huo James Muller na wenzake walieneza istilahi ya plaki iliyo dhaifu, inayongoja kichocheo. Muller ndiye aliyekuwa ameonyesha mwaka 1985 kwamba mashambulio ya moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na adhuhuri, wakati shinikizo la damu linapopanda mtu anapoamka na kuanza shughuli.

Mioyo ya Uganda na ya Wamasai

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hii, ingawa haitajwi mara nyingi. Mwaka 1960 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha maiti za Waganda na wakazi wengine wa Uganda na maiti za mji wa St Louis nchini Marekani, 632 kila upande, zikiwa zimepangwa kwa umri na jinsia. St Louis kulikuwa na mioyo 136 yenye alama za shambulio. Uganda kulikuwa na mmoja. Katika miaka hiyo Gerald Shaper, aliyekuwa Makerere, alikuwa tayari ameonyesha kwamba katika mji ule ule wa Kampala Waasia walikuwa na kolesteroli nyingi na maradhi ya moyo, na Waafrika hawakuwa nayo. Wengi walihitimisha kwamba jambo ni lehemu, basi.

Lakini George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikwenda kwa Wamasai wa Tanzania, watu wa maziwa na nyama. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa mikubwa ya wanaume 50 wa Kimasai. Walikuta mafuta na nyuzi za kovu kwa wingi. Ukuta wa ateri za moyo ulikuwa umenenepa kama wa Wamarekani wazee. Hata hivyo plaki zilizopasuka au kuvimba kwa donge la damu zilikuwa chache sana, na ateri zenyewe zilikuwa zimetanuka kiasi cha kufidia unene ule. Mann aliamini kwamba sababu ni mwendo wa miguu wa kila siku. Wapo waliompinga, na watu 50 ni wachache mno kumaliza ubishi. Ila tukiusoma uchunguzi huo leo, tukijua yaliyojulikana baadaye, tunaona kwamba ulikuwa umetenganisha mambo mawili ambayo Ulaya na Marekani yalikuwa bado yamefungwa pamoja: kuwa na plaki, na plaki kupasuka. Ni bahati mbaya kwamba uliingizwa katika magomvi ya lishe, ukasomwa kwa swali la maziwa tu.

Hali ya Kampala na Dar es Salaam si ile ya mwaka 1960 tena, na waliohamia Ghuba, Uingereza au Marekani wanalijua hilo vizuri zaidi. Ulaji, tumbaku, kisukari na shinikizo la damu vimebadilika, na vifo vya ghafla vimefuata.

Dawa iliyofanya kazi kuliko picha yake

Mwaka 1976 Akira Endo wa Tokyo alikuwa ametangaza dawa ya kwanza ya jamii ya statini, iliyotoka kwenye ukungu. Mwaka 1994 nchi za Skandinavia zilitoa matokeo ya majaribio ya wagonjwa 4,444: waliopewa statini walikufa kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 30. Hapo likazuka fumbo. Picha za mishipa ya watu waliotibiwa kwa kupunguza lehemu zilionyesha kwamba njia ya damu ilipanuka kwa kiasi kidogo sana, pengine isionekane kwa macho. Mafuta yalikuwa bado yapo. Vifo vilipungua kutokana na nini?

Jibu lilikuja kwa vipande. Katika sungura waliopunguziwa lehemu, mwaka 1998, vimeng'enya vya kukata vilipungua na kolajeni ikaongezeka. Kisha mwaka 2001 Milita Crisby na wenzake wa Sweden walichapisha uchunguzi wa watu waliokuwa wakisubiri upasuaji wa ateri ya shingo. Waliomeza statini kwa miezi mitatu kabla ya upasuaji walikutwa na plaki yenye mafuta kidogo, uvimbe kidogo na kolajeni nyingi kuliko wasiomeza. Dawa haikuuondoa uji sana. Ilimrudisha mfumaji kazini.

Hilo linaeleza pia jambo linalowachanganya wagonjwa wengi, ambao hudhani kwamba mshipa ukishatanuliwa kwa kijiwaya wamepona. Mwaka 2007 majaribio yaitwayo COURAGE, ya wagonjwa 2,287 wenye maumivu ya kifua yasiyo ya dharura, yalionyesha kwamba kuongeza kijiwaya juu ya dawa hakukupunguza vifo wala mashambulio ya moyo. Majaribio makubwa zaidi ya ISCHEMIA, yaliyochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha watu 5,179, yalielekea huko huko. Kwa mtu aliye katikati ya shambulio kijiwaya huokoa maisha, na asicheleweshwe hata dakika. Kwa asiye katika hali hiyo, kijiwaya hutuliza maumivu mahali palipobanwa zaidi, wakati utando utakaopasuka kesho huenda uko mahali pengine.

Wako wapi basi hao wenye tando nyembamba, na kwa nini wasitafutwe wote? Imejaribiwa. Uchunguzi wa PROSPECT, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 697 kwa miaka zaidi ya mitatu kwa kamera za mawimbi ya sauti zilizoingizwa ndani ya mishipa. Zilionekana plaki 595 zenye dalili za utando mwembamba. Zilizoleta madhara zilikuwa 26. Kumfungulia mtu mshipa kwa ajili ya plaki ambayo mara nyingi itakaa kimya ni hesabu isiyolipa.

Wala si kila donge linatoka kwenye ufa. Virmani na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba katika sehemu kubwa ya vifo vya ghafla utando huwa mzima, umejaa tishu unganishi, na kilichokwanguka ni ngozi yake ya juu tu, ile safu moja ya seli inayogusa damu. Hali hiyo huonekana zaidi kwa wanawake na kwa watu wenye umri mdogo, na tumbaku ina mkono wake humo. Nazo dawa zilizobuniwa kuzuia vimeng'enya vya kukata kolajeni hazikuleta matunda yaliyotarajiwa; katika wagonjwa wa saratani zilisababisha maumivu makali ya viungo, kwani mwili mzima unahitaji kubomoa ili ujenge. Kilichofaulu kwa kiasi ni kuupooza uvimbe wenyewe: majaribio ya CANTOS ya mwaka 2017, ya watu 10,061, yalipunguza mashambulio kwa asilimia 15 bila ya kuigusa lehemu, ingawa maambukizi yenye kuua yaliongezeka kidogo.

Jambo ambalo pengine lingewashangaza zaidi madaktari wa Copenhagen lilichapishwa mwaka 2001, tena na kundi la Virmani. Katika mioyo ya wanaume waliokufa ghafla walitafuta makovu ya nyufa za zamani, yanayotambulikana kwa sababu kolajeni ya kovu jipya haifanani na ile ya zamani inayokuja kuchukua nafasi yake. Waliyakuta katika zaidi ya nusu ya mioyo hiyo. Katika baadhi ya plaki yalikuwa yamepangana tabaka juu ya tabaka, utando uliopasuka chini ya utando uliofumwa upya, mara mbili, mara tatu, mara nne, kila mara donge likiwa dogo na damu ikiendelea kupita.